Nyasi Ndani ya Kengele

Hapa Iftin, mtaa wa Garissa, nyuma ya nyumba yangu, kijana mmoja amefungua duka la redio na spika, na ukutani ameandika kwa rangi nyekundu: SIMFONI. Nikamuuliza maana yake. Akacheka. "Eedo, hata mimi sijui. Ni jina zuri tu." Eedo ni shangazi; kwetu kila mwanamke mzee ni shangazi wa mtu. Nilitamani nimtandike bakora. Unabandika jina ukutani na maana yake huijui! Lakini hasira haikunifikisha mbali. Nilijikuta nimekaa kwenye benchi lake, maana neno hilo nalijua tangu nina miaka kumi na moja, na wallahi ningekuwa mtu mwenye raha zaidi kama nisingelijua.

Alinifundisha mwalimu wetu, mtu wa bara, Mkristo, aliyeletwa Garissa wakati wenzake wakiomba wasiletwe. Ilikuwa miaka ya ile vita. Kuna waliotaka jimbo letu lijitenge na Kenya liungane na Somalia, wakaingia porini na bunduki. Serikali ikawaita shifta, na haikupita muda tukawa shifta sote, hata sisi watoto wa darasa la tano. Mwalimu huyu hakutuita hivyo. Alikuwa na redio ya betri aliyoifunga kitambaa isiingie vumbi, na siku moja ukatoka humo muziki wa Wazungu, vinanda na tarumbeta na ngoma vyote kwa mpigo mmoja. Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Akangoja tumalize. Kisha akasema muziki ule unaitwa simfoni, na neno lenyewe ni la Wagiriki wa kale: kipande cha kwanza ni "pamoja", cha pili ni "sauti". Hapo mwanzo lilitumika kwa sauti mbili tu zinazopatana, baadaye likawa jina la ala moja ya muziki, halafu Wataliano wakalichukua, mpaka likafika kwa ule umati wa wapigaji.

"Lakini mzizi haujahama," akasema. "Sauti pamoja. Kila moja inabaki yenyewe, na hakuna inayoimeza nyingine. Nani amewahi kusikia kitu kama hicho?"

Nikainua mkono. Nikasema, kengele za ngamia wa ayeeyo.

Ayeeyo ni nyanya yangu, mzaa mama. Alikuwa na ngamia tisa, na kila mmoja alivaa shingoni kengele ya mti iliyochongwa na marehemu babu. Na babu hakuchonga hivi hivi. Alikaa karibu na zizi akagonga ile mpya, akasikiliza zile za zamani, akakwangua ndani kidogo kwa kisu, akagonga tena, mpaka iingie kati ya wenzake isigombane nao. Ayeeyo angekuwa anageuza anjera, mkate wetu mwembamba, motoni, mgongo ameupa malisho, na bado angekuambia ni nani amebaki nyuma. Kuwahesabu ngamia kwa kidole ilikuwa mwiko, unawaitia husuda. "Mali husikilizwa," alikuwa akisema. Nakumbuka maziwa ya vile vyombo vyake vilivyofukizwa moshi, nikinywa hadi povu linanipanda puani, na kengele zikikaribia taratibu kutoka malishoni.

Mwalimu alifurahi hata akasahau kupiga kengele ya mapumziko. Akatupa kazi ya Jumatatu: insha juu ya sauti zinazokwenda pamoja. "Wewe," akaniambia, "nenda kasikilize kwanza. Usiandike kwa kukumbuka."

Sikumwambia kwamba kengele zile hazikuwa zikilia tena. Amri ilikuwa imetoka, watu wote wahamie kijiji kilichozungushiwa seng'enge karibu na mji, na atakayekutwa nje na mifugo ni shifta. Mama na mimi tulihamia. Ayeeyo akakataa, kwa sababu ndani ya seng'enge hapakuwa na jani, na ngamia wa watu walikuwa wakifa wamesimama. Wa kwake aliwaficha vichakani, mwendo wa asubuhi nzima, akashindilia nyasi kavu katika kila kengele ili ulimi wake usitikisike. Kuzivua hakutaka. Aliyezifunga alikuwa amekufa, na fundo lake hakuna mkono uliowahi kulifungua. Ngamia wale ndio maziwa yetu, mahari ya wajomba zangu, na kila tulichobakiwa nacho duniani.

Jumamosi nilitoka na wasichana wa kuokota kuni, nikawapotea, nikampelekea ayeeyo sukari na majani ya chai. Alasiri akatawadha kwa maji kiganja kimoja, akasimama kuswali. Nikaenda kwa ngamia waliokuwa wamepiga magoti wakicheua. Nitatoa nyasi za kengele tatu tu, nikajiambia, nisikilize, nirudishe kabla hajamaliza. Tatu zikawa tisa. Nikawainua.

Rafiki yangu, zililia. Ya jike kubwa ilikuwa nzito, haina haraka. Nyingine zikaijibu, na ya ndama ikapita juu yao mbio mbio. Nilisimama katikati nikatokwa machozi kwa furaha, sikudanganyi. Ndiyo dakika nzuri kuliko zote nilizoishi, na sipendi kuikumbuka.

Askari walitoka vichakani sita au saba. Hawakupiga kelele. Waliwapiga risasi ngamia mmoja baada ya mwingine, na ndama alikuwa wa mwisho kuanguka. Ayeeyo alikuwa bado juu ya mkeka wake. Askari mmoja, kijana, akanijia kama anayetaka kujitetea. "Sisi tulikuwa tunapita tu," akasema. "Ni kengele tumesikia."

Ayeeyo hakujua Kiswahili. Akaniuliza, "Naa, wewe msichana, anasema nini?"

"Anasema wamesikia kengele."

Akainama kwenye shingo ya jike kubwa, akaingiza vidole ndani ya kengele, akakuta patupu. Akaitazama mikono yake, huku na huku. "Sikushindilia vizuri," akasema. "Mikono imezeeka."

Nikazisukuma zile nyasi kwa mguu chini ya kichaka.

Jumatatu niliandika insha juu ya mvua kwenye mabati, mwalimu akaandika chini yake "vizuri sana". Muhula uliofuata alihamishwa, sikumwona tena. Ayeeyo aliishi ndani ya seng'enge, akinywa chai ya maziwa ya unga na kukunja uso, na mwenyewe alimwambia kila mgeni kwamba ni yeye aliyewamaliza ngamia wa ukoo, kwa uzembe wa mikono. Mimi ndiye niliyekuwa nikimimina chai hiyo. Siku hizi ndugu zangu wa kijijini Kotile ambao bado wanafuga huwafunga ngamia vyuma vya dukani, vinavyolia vyote sauti moja. Wanaojua kuchonga kwa kusikiliza hawapo, na aliyewahi kuzisikia kengele za babu nimebaki peke yangu.

Kwetu mtu anayekufa huomba radhi. Ayeeyo alituita mmoja mmoja. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nina mtoto mgongoni. Akanishika mkono. "Wewe uliona kwa macho yako," akasema. "Nisamehe wale ngamia."

Nikamwambia nimemsamehe.