Shokapu Zilizokufa

Watu walimwita Taratibu, na hawakumwita hivyo kwa kumsifu. Alikuwa dereva wa gari la wagonjwa katika kituo cha afya kilichojengwa pale lami inapoishia, na waliowahi kusafiri naye walisema ukipanda gari lake utafika hospitali umeshapona mwenyewe. Naye alicheka nao. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na kunguni wa gari lile aliwajua yeye.

Zamani aliendesha kama madereva wengine. Halafu asubuhi moja, akiwa chini ya gari, aliona shokapu za nyuma zimelowa mafuta na vumbi limegandia juu yake kama uji uliokaukia sufuriani. Alitoka, akaikandamiza bampa ya nyuma kwa uzito wake wote, akaiachia. Gari lenye shokapu nzima hupanda mara moja likatulia. Lile lilipanda, likashuka, likapanda tena, likaendelea kuinamainama kama mtu anayesinzia mkutanoni.

Alikwenda kwa msimamizi wa magari, bwana mmoja mpole ambaye kikohozi hakikumtoka.

"Kwani springi zimevunjika?" msimamizi aliuliza.

"Springi nzima, bosi. Lakini kazi ya springi ni kubeba. Ukiibana inarusha, ikirusha inarudi, inarusha tena, haijui kuacha. Shokapu ndiyo inayoishika shati. Ndani yake mna mafuta yanayolazimishwa kupita kwenye vitundu vidogo. Yanapita kwa taabu, na taabu hiyo ndiyo inayoua mruko. Sasa mafuta yamevuja yote. Kwenye mabonde tairi linadundadunda, halikanyagi chini. Na tairi lisilokanyaga halina breki wala usukani."

Msimamizi hakubisha. Alipiga simu bohari mbele yake, akajibiwa kwamba shokapu za aina ile hazipo, asubiri. Akaweka simu chini, akakohoa.

"Kuliegesha siwezi, mdogo wangu. Hatuna jingine. Nenda nalo hivyohivyo."

Basi akawa Taratibu. Njia ya kwenda hospitali kuu ilikuwa ya changarawe, imejikunja matutamatuta kama bati, na kila tuta lilimfikia mgonjwa mgongoni kabla halijamfikia dereva. Alijifunza kuendesha kwa masikio: mgonjwa akiguna, alipunguza. Mkewe alimwambia, "Mtaani wanasema unaendesha kama umebeba mayai."

"Ndiyo ninayobeba," alijibu.

Sasa, mtu huyu alikuwa na kaka mmoja tu, mwashi, aliyemzidi umri sana. Wazazi wao walipofariki, kaka ndiye aliyemlea, akampeleka shule ya udereva kwa jasho la kupiga plasta kuta za watu. Alikuwa mcheshi, mwenye mikono mizito, na alipenda kusema kwamba yeye hujenga nyumba ili mdogo wake apate mahali pa kugonga gari.

Siku moja mchana jukwaa la miti lilikatika akiwa juu yake. Wenzake walimleta kituoni wamemlaza kwenye mlango waliouchomoa bawabani. Mke wa kaka alifika akikimbia, mikono bado ina povu la sabuni. Muuguzi alimkata mgonjwa shati, akambonyeza tumbo, naye mwenyewe akabadilika uso. Kisha akapitisha kalamu kwenye nyayo za mgonjwa. Kidole gumba kikacheza.

"Miguu inasikia," muuguzi alisema. "Lakini mgongo umeumia, na tumboni damu inavuja. Apelekwe sasa hivi."

Walimfunga kwenye ubao, wakamzungushia mablanketi; muuguzi na mke wa kaka wakapanda naye nyuma. Taratibu akaketi kwenye usukani wa gari lile lile.

Walipoingia kwenye changarawe, kaka alianza kulalamika. "Polepole, mdogo wangu. Unanivunja." Taratibu akapunguza mpaka gari likawa linatambaa. Walikuwa bado hawajafika nusu ya njia muuguzi alipogonga kioo cha nyuma yake.

"Presha inashuka. Ongeza mwendo."

"Sista, nikiongeza litamrusha."

"Usipoongeza tutafikisha maiti."

Nyuma kaka alikuwa akisema, "Usimsikilize. Polepole."

Taratibu alikanyaga mafuta. Gari likaanza kucheza. Kwenye kona moja mkia wake ulitambaa kuelekea mtaroni, naye hakuthubutu kugusa breki, kwa sababu alijua tairi za nyuma ziko hewani zaidi kuliko chini. Aliliachia lijirudi lenyewe. Likadunda kwenye shimo, na nyuma akasikia kaka yake akipiga ukelele mmoja. Baada ya hapo hakusikia kitu, wala hakugeuka. Aliendesha vile mpaka langoni mwa hospitali.

Walimpasua jioni ile ile, wakatoa bandama iliyopasuka. Daktari alitoka amechoka, akawaambia kwamba wangechelewa kidogo wangempoteza. Kisha akawaambia kwamba miguu haisikii tena.

"Kidole kilikuwa kinacheza," alisema mke wa kaka. "Nilikiona kwa macho yangu."

"Mgongo uliovunjika hivi huvimba," daktari alisema. "Huenda ingetokea hata angebaki amelala palepale. Huenda ni safari. Hakuna anayeweza kukwambia, mama."

Shemeji yake alimgeukia Taratibu, kisha akaenda kuketi benchi la mbali. Toka siku hiyo hakumsemesha.

Shokapu mpya zilifika baadaye, mbili, zimefungwa kwenye karatasi zenye mafuta. Fundi alizifunga, Taratibu akalijaribu gari kwenye changarawe. Lilipita juu ya matuta likiyameza. Kikombe cha chai alichokiweka kando ya kiti hakikumwagika. Alisimamisha gari, akashuka, akaimwaga chai yote kando ya barabara.

Kaka alirudishwa nyumbani, akalazwa chumba cha mbele chenye dirisha moja. Taratibu alikwenda kila alipotoka kazini, akamgeuza ubavu, akamfuta mgongo, akabadilisha shuka. Kaka alimwacha afanye, macho yake yakiwa ukutani. Vichekesho vilikuwa vimekwisha. Miezi ilipita kabla hajasema.

"Siku ile Sista alisema ongeza. Mimi nikasema punguza. Ukamsikiliza yeye."

"Ndiyo, kaka."

"Ungenisikiliza mimi ningekufa."

"Nadhani."

"Basi ungenisikiliza mimi."

Taratibu aliendelea kukunja shuka. Alitaka kumwambia kuhusu bohari, kuhusu mafuta yaliyovuja, kuhusu shokapu zilizochelewa, lakini aliona maneno hayo yote ni ya kujisafisha yeye, hayamwinui mtu kitandani. Akasema tu, "Sikuweza, kaka." Kaka akafumba macho. Kesho yake Taratibu alikwenda tena, na kesho kutwa.

Mvua zilipoanza, chumba kikawa na unyevu na vidonda vya mgongoni, vilivyotokana na kulala muda mrefu, vikaingia usaha. Homa ilimchukua kaka haraka. Walipotaka kumkimbiza hospitali alikataa kuingizwa kwenye gari lolote, hata lile lenye shokapu mpya. Alifia chumbani, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe, Taratibu amesimama mlangoni.

Siku ya mazishi shemeji alituma watu wamtafute dereva mwingine wa kubeba jeneza. Taratibu hakunung'unika. Alitembea nyuma ya gari pamoja na waashi, kwenye tope, mpaka makaburini. Watu walipotawanyika, shemeji alipita akiwagawia maji waliochimba kaburi. Alipomfikia Taratibu alisita, akamjazia kikombe kama wengine, akaendelea na safu bila kumtazama usoni.

Wiki iliyofuata Taratibu alirudi kazini. Kituo hakikuwa na dereva mwingine.