Mkemia wa Mavi ya Buluu

Ninayokusimulia hutayaamini, wala sikulaumu. Hata mke wangu, aliyeamini kwamba ujanani nilikuwa mzuri wa sura, haya aliyakataa. Mpwa wangu, binti wa dada yangu, anawajua wanyama wa jangwani kuliko wanavyojijua wenyewe. Na alianza kwa kuwaua.

Alikuwa mkemia wa kiwanda cha sumu ya panya. Chumba chake kilikuwa na mizani ya kupimia hata pumzi, sinki lenye madoa ya buluu, na dirisha lisilofunguka. Sumu ilitiwa rangi ya buluu ili mtu asije akaidhania chakula. Mimi nilikuwa dereva wa lori palepale. Watu husema yeye ndiye aliyeniombea kazi, waache waseme.

Wakulima wa ukingoni mwa jangwa wakalia kwamba panya wanawamalizia mbegu. Mpwa akapiga hesabu, akachanganya, akanikabidhi magunia manne ya nafaka yenye sumu na kijiko cha bati.

"Kijiko kimoja kila shimo, Mjomba, halafu unafukia. Hii ni kazi ya siku kumi."

"We mtoto, mimi ndiye niliyekufundisha kushika kijiko."

"Ndiyo maana nina wasiwasi."

Sasa, wewe nakuambia kwa kuwa hukai kwetu. Jua lilikuwa kali hadi kivuli kinatafuta kivuli. Nikatazama kijiko, nikatazama beleshi la lori. Beleshi likashinda. Nilimwaga tu, sikufukia kitu, na saa sita mchana nilikuwa chini ya lori nakoroma. Siku tisa zilizobaki nilizimalizia kwa wakulima, nikila na kulala kama bwana harusi.

Baada ya wiki mbili kiwanda kikamtuma mpwa akahesabu maiti. Nikampeleka. Panya wa shambani walikufa, naam. Lakini walikufa pia wale panya wadogo warukao kwa miguu miwili, ambao hawajawahi kugusa mbegu ya mtu. Mpwa akainama, akaokota kitu mchangani.

"Mavi," nikamwambia. "Umesoma miaka yote hiyo uje ushike mavi?"

"Ni ya buluu, Mjomba."

Akayafuata moja moja, kama mtu anayeokota shanga zilizokatika. Yakatufikisha kwenye shimo la mbweha wa jangwani, wale wadogo wenye masikio yanayoushinda uso. Mama mtu alilala mlangoni, damu imemkauka puani; alikuwa amekula panya wetu. Ndani mlikuwa na watoto watatu. Mpwa alikuwa na vidonge vya kugandisha damu, vile vya kumpa mfanyakazi aliyemeza sumu kwa bahati mbaya. Akavisaga, akawadondoshea mdomoni. Wa kwanza alifia ndani ya kofia yangu.

"Sikio la kufa halisikii dawa," nikasema. Hakucheka. Wa pili akafuata. Wa tatu akamng'ata kidole, akaishi.

Mpwa akaketi mchangani. "Nimekosea hesabu. Kuna mahali nilizidisha kipimo. Hawa nimewaua mimi."

Hapo mtu mzima angefungua mdomo. Na mimi niliufungua. Nikapiga mwayo.

Akaacha kiwanda. Akahamia kwenye hema na kile kibweha chake, akakaa huko miaka kumi na miwili. Mchumba wake alivumilia mwezi mmoja tu. Nani aoe mwanamke mwenye mavi kwenye friji? Wanasayansi wenzake wakamwita Daktari wa Mavi, wakacheka, kisha wakaanza kumpelekea maswali. Akiangalia choo tu, atakuambia mnyama kala nini, ana mimba au hana, na ana siku ngapi za kuishi.

Ila kila mwaka alikuwa akifungua daftari la kiwandani na kuirudia ile hesabu tangu mwanzo.

"Bado sijaliona kosa, Mjomba."

"Endelea kutafuta, mama. Ukemia si mchezo."

Mwezi uliopita wanafunzi wa chuo anakofundisha siku hizi walijaa kwenye maabara yake, yeye akiwa kwenye sinki anaosha chupa. Mmoja akauliza kazi hii ilianzaje. Nikamwahi.

"Ilianza na mimi! Shimo kwa shimo, kijiko kwa kijiko, mgongo umepinda kama ndoana. Dereva gani mwingine angemaliza magunia manne kabla ya saa sita mchana?"

Bomba likafungwa.

"Magunia mangapi, Mjomba?"

"Manne. Kama si matano."

"Gunia moja ni vijiko elfu mbili." Aligeuka, maji yakimchuruzika viwikoni. "Asubuhi moja?"

"Mkono wangu ulikuwa mwepesi, mama, wewe hukuuona tu. Nilikuwa nikichota huku nafukia, nikichota huku na—"