Mabati Nyuma ya Nyumba Yetu

Kuna maneno mawili ambayo hadi leo nikiyasikia damu inanichemka: eneo wazi. Yaliandikwa kwa herufi ndogo kwenye plani niliyotumiwa kazini, upande wa chini wa kiwanja, pale pale mama yangu mdogo alipozaa watoto wake wote na kumzika mume wake. Eneo wazi. Hakuna nyumba, hakuna mtu, hakuna hata kuku.

Nieleze kwanza kazi yenyewe, maana hapa Butembo nikiitaja watu wanadhani ninacheza sinema. Ninajenga majengo ya watu ndani ya kompyuta. Nguzo naiweka na vyuma vyake, ukuta na unene wake, bomba na mteremko wake, mpaka jengo zima limesimama mbele ya macho kabla mtu hajatia jembe ardhini. Kazi hiyo wanaiita BIM. Ofisi za Ulaya hazitaki kukaa miezi zikipanga mabomba ya choo, donc basi zinaisukuma kazi Nairobi, na Nairobi inaisukuma kwangu, kwa sababu nina diploma ya ujenzi, nina paneli mbili za jua juu ya nyumba ya baba, na sina mdomo. Hivyo ndivyo walivyodhani.

Jengo lilikuwa la biashara: maduka chini, maofisi juu, ghorofa nne. Mwenyewe ni mfanyabiashara wetu wa hapa hapa, mtu ambaye siku ya Mungu anakaa benchi ya pili kanisani na mimi nakaa ya tisa. Alitaka jengo lake la Beni lichorwe na wazungu ili aweze kusema limechorwa na wazungu. Likaenda Ulaya, likashuka Nairobi, likaja kutua chumbani mwangu, dakika kumi kwa miguu kutoka dukani kwake. Yeye hakujua, na mwanzoni hata mimi sikujua, kwa sababu Nairobi wanafuta kila kitu kabla ya kutuma: jina la mwenye mali, mji, nchi. Mkubwa wa Nairobi anasema hiyo ni siri ya kazi. Mimi nasema anaogopa nisije nikajuana na mwenye jengo.

Ila walisahau kufuta barabara. Nilipofungua faili niliona kona kali, kidaraja cha tuyo, yaani bomba chini ya barabara, na kiduara kidogo kilichoandikwa chemchemi. Nikakaa nikaangalia. Pale nimechota maji tangu nikiwa mtoto wa kubebeshwa kidumu kidogo, kila likizo, tukipelekwa Beni kwa mama mdogo kusaidia kuanika kakao. Ile barabara naijua kwa visigino, na kiwanja cha hapo kila mtu kanisani kwetu anajua nani alikinunua. Nikatafuta nyumba yake chini ya chemchemi, nikakuta yale maneno mawili.

Na katikati ya hayo maneno mawili palikuwa pametoka bomba. Bomba kubwa la saruji, la kukusanya maji yote ya mvua ya lile paa, maji ya maegesho, maji ya ua, na kuyamwaga nje ya ukuta upande wa mteremko. Mvua ya Beni mnaijua. Nyumba ya mama mdogo ni ya tofali mbichi. Mvua moja ya nguvu kupitia lile bomba na ukuta wa nyuma unarudi udongo, pamoja na waliolala ndani.

Sasa, nyumba inapoteaje kwenye plani? Nilijua jibu bila kumuuliza mtu, kwa sababu jibu lilikuwa dirishani kwangu. Mwaka ule hali ya usalama ilipoharibika Beni, watu wa kartie yake, mtaa mzima, walikimbia. Na kwetu mtu akikimbia haachi bati. Ukuta utaubeba vipi, lakini bati unalipanda, unaling'oa msumari kwa msumari, unalifunga kamba, unalipandisha kwenye kamio, lori la mizigo, kwa sababu ukiliacha hutalikuta. Mama mdogo alifika kwetu Butembo na watoto, sufuria, Biblia na mabati yake. Kwenye kamio lile lile alikuja jirani yake, mama mzee aliyefundisha shule ya msingi miaka mingi, naye na mabati yake. Mabati ya mama mdogo tuliyapaka alama nyekundu, ya mwalimu alama ya buluu, yasichanganyike, tukayapanga nyuma ya nyumba yetu. Mwalimu akaenda kukaa kwa binti yake upande mwingine wa mji, mabati yake yakabaki kwetu. Kutoka kwenye kiti changu cha kazi nilikuwa nayaona kila siku.

Kumbe katika ile miezi ndipo walipopita wapima viwanja. Wakapiga picha kutoka juu, wakaona kuta bila paa, wakasema haya ni magofu. Hakuna aliyeuliza yalikokwenda mapaa yote ya kartie nzima. Mtu anaweza kupewa mashine ya bei ya ng'ombe kumi na asiulize swali la mtoto.

Mama mdogo alikuwa amesharudi Beni tayari, amepiga bati lake, amewasha moto jikoni. Kwa hiyo nikaandika swali, kwa utaratibu, kwenye karatasi yao ya maswali: bomba namba fulani linamwaga maji juu ya nyumba ya watu. Jibu likaja kesho yake: "Eneo wazi. Endelea." Nikaandika tena, nikaweka na picha aliyonitumia binamu yangu, mama mdogo amesimama mlangoni na kanga kiunoni. Safari hii mkubwa wa Nairobi alinitumia sauti.

"Dada yangu, hebu nisikilize. Wewe kazi yako ni kumodeli kile umepewa. Mambo ya site yana wenyewe. Na hata wewe umejuaje hii site iko wapi?"

"Kuna mutu anaishi pale," nikamjibu. "Ni mama yangu mudogo."

"Hapo sasa umeleta mambo ya familia kwa kazi," akasema, na akacheka kidogo, kile kicheko cha mtu anayekusahihisha Kiswahili. "Modeli tu, dada."

Nilikasirika. Nilikasirikia Nairobi, nilikasirikia Ulaya, nilimkasirikia mzee wa benchi ya pili anayeimba sauti ya tatu kwa macho yaliyofumbwa. Baba aliniambia niende nikamwone dukani kwake. Nilikwenda. Nikapokelewa na karani, nikaambiwa mzee hashughuliki na mabomba, mabomba ni ya wazungu, na mimi nimeipata wapi plani ya mzee. Nikaondoka haraka, maana swali hilo lingeweza kunifukuzisha kazi.

Njiani kurudi nyumbani ndipo wazo likanijia. Katika kazi yetu kuna mtihani mmoja ambao ofisi zote zinauheshimu kuliko Jumapili. Ukishamaliza kujenga, unaiamuru kompyuta itafute migongano: bomba lililopita katikati ya nguzo, mlango unaogonga ngazi. Penye mgongano inapaka rangi nyekundu, na penye nyekundu hakuna anayetia sahihi mpaka parekebishwe. Mtu mzima akilia wanamwambia endelea. Kompyuta ikipaka nyekundu wanaitisha mkutano. Lakini kompyuta inagonganisha tu vitu vilivyochorwa. Nyumba isiyochorwa inapitwa na bomba bila neno. Basi, nikasema, nitaichora.

Siku ya posho, Jumamosi, nilipanda gari la Beni na futi yangu ya mita thelathini. Nilifika joto limeshapanda, nikavua sweta ya Butembo, nikampa mama mdogo ncha ya futi aishike. Tulipima kila kitu. Kuta, mlango, dirisha lililozibwa na gunia, jiko la nyuma, choo, hata kaburi la mume wake. Alikuwa ananitania muda wote.

"Na mulango upime muzuri," akasema. "Wazungu basiseme minaingiaka na dirisha."

Nilikuwa naandika namba, nimetoa ulimi nje kama mtoto wa shule. Tulipomaliza alisimama akaangalia ng'ambo ya majani ya mpaka, zilipo kuta za mwalimu, zimesimama wima, mkunde umeota sebuleni.

"Na ya mwalimu?" akaniuliza. "Hautapima?"

Mawingu yalikuwa yanajikusanya na gari la mwisho la Butembo halingojei mtu. "Ile haina bati," nikamwambia. "Batasema ni gofu. Haitasaidia kitu."

Akanikunjia futi, akanipa ndizi za njiani.

Nilitumia siku tatu kuijenga ile nyumba. Sijawahi kujenga kitu vizuri hivyo. Niliweka mikunjo ya bati, niliweka pengo la juu ya mlango linalotoa moshi. Kisha nikaamuru mtihani. Mstari mmoja mwekundu: bomba la maji ya mvua dhidi ya nyumba ya kuishi watu. Nikatuma ripoti juu Ulaya moja kwa moja, na nakala Nairobi, bila kuongeza hata salamu.

Mkubwa alinipigia akifoka. Nani amekuruhusu kuongeza kitu, hii nyumba imetoka wapi. Nikamwambia imetoka kwenye vipimo, hivi hapa. Alikuwa bado anafoka wakati jibu la Ulaya lilipoingia, la mistari miwili, la heshima: asante kwa kugundua, tunahamisha bomba. Wiki haikuisha plani mpya ikaja. Bomba lilikuwa limesogezwa upande wa kushoto. Nikalichora upya mwenyewe, nikaamuru mtihani, kompyuta ikajibu migongano sifuri. Nikatia sahihi yangu chini ya ripoti. Nikampigia mama mdogo, akapiga vigelegele kwenye simu mpaka nikaitenga na sikio. Nyumbani baba alishukuru kwa sala ndefu ugali ukapoa. Nami nikala kwa kiburi, sitaficha. Nilikuwa nimewashinda wote kwa mtihani wao wenyewe.

Miezi ikapita. Jengo la mzee likaanza kupanda, nikawa nasikia habari zake kanisani. Asubuhi moja nikiwa kazini nikasikia kamio linarudi nyuma uani. Mwalimu alishuka taratibu, na kitambaa chake cha kanisa kichwani. Hali ilikuwa imetulia kidogo, akasema, binti yake anahangaika na watoto wake mwenyewe, yeye anarudi kwake. Amekuja kuchukua mabati.

Nilitoka kusaidia. Tukaanza kuyatoa yale ya alama ya buluu, mimi upande huu, dereva upande ule, mwalimu amesimama akisimamia.

"Mama yako mudogo aliniambia," akasema. "Ile kazi ulifanya. Mvua yote ya lile jengo ilikuwa itatukulia manyumba, ukatusemea kwa wazungu bakahamisha. Wasingya, mutoto yangu. Wasingya kutsibu, asante sana."

Nilikuwa nimeshika bati. Upande wa kushoto. Nilisimama pale na bati mkononi nikauona ule upande wa kushoto jinsi ulivyokuwa kwenye kompyuta yangu, kijani kitupu, safi, hauna hata kuku. Kushoto kwa mama mdogo kuna majani ya mpaka, na ng'ambo ya majani kuna kuta. Nililichora lile bomba kwa mkono wangu juu ya kuta za huyu mama, mabati yake yakiwa mbele ya dirisha langu, na nikala ugali.

Nikamwomba aketi. Nikakimbilia ndani, nikaandika Nairobi na Ulaya kwa pamoja, sikutafuta maneno. Ulaya hawakujibu. Nairobi walijibu kabla chai ya mwalimu haijapoa. Mkubwa hakufoka safari hii, wala hakutuma sauti. Aliandika kwamba modeli imefungwa, mabomba yameshazikwa, na akaambatanisha karatasi moja. Nikaifungua. Ilikuwa ripoti ya mtihani, migongano sifuri, na chini yake sahihi yangu.

Nilitafuta mtu wa kumkasirikia. Wote walikuwepo, kila mmoja mahali pake, mpima viwanja, mkubwa, karani, mzee wa benchi ya pili, na bado ninawakasirikia, sijamwachilia hata mmoja. Lakini wao walipiga picha kutoka juu. Mimi nilisimama pale kwa miguu yangu, futi mkononi, nikaulizwa.

Nilitoka nje. Dereva alikuwa ameshafunga kamba, mwalimu amemaliza chai, anatafuta pa kuweka kikombe. Nikakipokea.

"Mama," nikamwambia, "ngoja kwanza, usiende. Bomba balihamisha, mais kumbe balilipitisha kwako. Nyumba yako sikuipima. Nilipima ya kwetu tu. Nilisema haina bati."

Aliniangalia kama mwalimu anavyomwangalia mtoto aliyekuwa akimwamini. Aligeuka akaangalia mabati yake yaliyofungwa juu ya kamio, kisha pale chini yalipokuwa yamelala, ambapo nyasi zilikuwa zimekufa kwa umbo lake, mbele ya dirisha langu.

"Lakini bati yangu," akasema, "si ilikuwa hapa kwenu?"