Kofia Niliyoipima kwa Dua

Kila Idi nilimnunulia mwanangu doti ya leso, vazi letu wanawake, kutoka Biashara Street. Nasema mwanangu, ingawa alikuwa mtoto wa marehemu dadangu. Nilimlea tangu akiwa na miaka sita katika nyumba yetu ya Mji wa Kale, na Mola hakunijaalia mwingine. Alizaliwa mtoto wa kike, na kwa miaka yote ile nilimwita binti yangu. Leso alizipokea kwa mikono miwili, akanibusu mkono, akazikunja. Sikumwona akizivaa. Nilidhani anazitunza.

Katikati ya miaka ya tisini alikuwa akifanya kazi Shimanzi, akiandika majina na kuchora maua kwenye malori. Alasiri moja ya mwezi wa Rajabu alirudi, mikono imejaa rangi, akaniwekea daftari la shule juu ya mkeka.

"Mama Mdogo, hebu soma hili."

Ilikuwa hadithi ya picha. Chini ya kila picha msomaji huulizwa achague: ukichagua hivi, nenda ukurasa wa saba; ukichagua vile, rudi mwanzo. Ilimhusu kijana aliyezaliwa msichana, lakini moyoni hakuwahi kuwa msichana hata siku moja. Mambo yake yalikuwa madogo madogo. Pale kivukoni Feri muuza njugu mmoja anamwita "dada" na mwingine anamwita "kaka", naye ananunua kwa huyo wa pili ingawa njugu zake zimeungua. Anafika mlangoni kwa kinyozi, anageuka. Zile njugu zilinichekesha.

Kisha nikamkuta bibi mnene mwenye miwani, ameshika doti ya leso. Nilimtambua: ni mimi. Kijana azivae? Aseme asante azikunje? Au aseme kweli? Nilichagua azikunje, maana ndiyo adabu. Nikarudishwa mwanzo. Nikachagua azivae, nikarudishwa tena. Mara ya tatu nikachagua kweli. Hapo palichorwa sanduku lililojaa leso, na maneno: "Mama Mdogo, mimi ni mwanao wa kiume." Ukurasa wa mwisho ulikuwa mtupu.

"Huu mbona hukuuchora?"

"Huo nakungojea wewe," akasema, macho chini. "Nimepata chumba Likoni, nahamia baada ya Idi. Nataka kujua kama bado nina kwetu."

Nikalifunga daftari. Nimesomeshwa dini tangu utotoni na nimesomesha watoto wa mtaa juzuu baada ya juzuu, lakini jambo hili sikuwahi kusomeshwa. Kwa siku kadhaa nilikawia kwenye mswala baada ya sala. Sikuoteshwa ndoto. Nilichopata ni utulivu: mtoto huyu ni amana niliyopewa, na hakuna aliyeniambia kwamba muda wake umekwisha.

Basi nikaanza kushona kofia. Kwetu wanawake huwashonea waume na wana wao wa kiume kwa mkono, kitundu kwa kitundu, kwa miezi, na kofia hufuata kipimo cha kichwa. Nilitaka asijue. Nikamwita nimsomee dua, nikaficha uzi kiganjani, nikamzungushia kichwani juu ya nywele zake zilizosukwa.

"Leo dua ndefu, Mama Mdogo."

"Tulia. Mambo yako ndiyo marefu."

Jirani yangu, ambaye pia ni fundi wa kofia, alikuja kila alasiri tukashona pamoja.

"Ya nani hiyo? Usiniambie umeposwa uzeeni."

"Ya mwanangu."

Sindano yake ikasimama. "Mwana yupi? Wewe una binti mmoja."

"Ndiye huyo huyo."

Akaendelea kushona, vitundu kumi vizima. Kisha akanyoosha mkono. "Lete hapa, mshono umepinda. Utamwaibisha kijana wa watu."

Asubuhi ya Idi, baada ya sala, mimi na jirani tulikuwa ghorofani na sahani ya kaimati tamu. Sauti ya mwanangu ikaita kutoka mlangoni chini: "Hodi!"

Hakuwa na desturi ya kupiga hodi. Wanawake hupanda moja kwa moja. Mwanamume ndiye hungoja chini, wanawake wageni waliomo wajisitiri. Nikaelewa anachoniuliza. Kabla sijafungua kinywa, jirani alidaka mtandio wake.

"Ngoja kwanza, baba! Sina kitu kichwani!" Akajifunika vizuri. "Haya, pita."

Akapanda, amevaa kanzu, uso umemjaa nuru. Safari hii kwa kinyozi hakugeuka: nywele zote zilikuwa zimekwisha. Nilimvika kofia. Ikamshuka hadi kwenye nyusi, ikameza masikio.

"Ulimpima yeye au sufuria?" jirani aliuliza, akicheka mpaka kaimati ikamponyoka.

"Nilipima na misuko!" nikalalamika.

"Nipe niibomoe, niipunguze," jirani akasema.

"Haibomolewi," mwanangu akasema, akifuta machozi kwa upande wa kofia. Alifungua sanduku lake la leso, akachana ukanda wa leso moja, akaukunja na kuuzungusha ndani ya kofia. Ikakaa sawasawa.

"Alhamdulillahi," nikasema. "Hatimaye umevaa leso yangu."

Alihamia Likoni, na kila Ijumaa hodi yake ilisikika mlangoni. Ukurasa wa mwisho aliuchora siku ile ile ya Idi: kijana mwenye kofia, mwanamke mwenye mtandio, na bibi mwenye miwani akigawa kaimati. Chini hapakuwa na la kuchagua. Nilimwomba abadilishe kitu kimoja tu, ule unene wangu, naye akakataa.