Hakuniachia Nianguke

Kosa ninaloliandika hapa ni heshima isiyo na kipimo, na aliyelitenda ni mimi.

Siku yangu ya kwanza kazini, hospitali ya Kilosa, miaka michache baada ya Uhuru, Msimamizi wa Mazoezi ya Viungo alinionyesha fito mbili ndefu zilizofungwa sambamba kwenye nguzo, usawa wa kiuno. Mlemavu alisimama katikati, akashika huku na huku, akajifunza upya kuubebesha mguu uzito wa mwili. “Mikono yako iwe nyuma,” Msimamizi aliniambia. “Ukimshika, zoezi umefanya wewe.”

Nilikariri, sikuelewa. Kwetu, kijana mwenye malezi hamtazami tu mkubwa wake akihangaika. Nilipohamishiwa Mikumi, kila aliyeyumba nilimdaka, na wazee wakanisifu.

Mmoja wao alikuwa Mzee Athumani, mkata miwa wa Ruhembe aliyekatwa mguu chini ya goti, akavalishwa wa mti. Kijiji chake cha ujamaa kilikuwa kikigawa kazi. Mlemavu atakayetembea mwenyewe mbele ya kamati angepewa shamba. Mwingine angeandikwa asiyejiweza, apewe chakula tu. Mzee alitaka shamba. “Chakula cha kupewa hakina chumvi, mwanangu,” alisema.

Siku ilipofika alikwenda hatua nne. Ya tano akayumba, nami bila kufikiri nikamdaka kwapani.

Katibu wa kijiji hakuinua macho. “Asiyejiweza,” alisema, akaandika.

Nilikwenda kwa Mzee kuomba radhi. Shikamoo yangu aliiitikia, lakini mazoezini hakurudi.

Aliyemrudisha alikuwa msuka mikeka kutoka Magomeni ya Kilosa, mwanamke aliyepooza mguu mmoja, naye akifanya mazoezi kwetu. Alimfuata nyumbani, nikiwapo.

“Mzee, mimi udongo wa Magomeni wote unanijua kwa kuanguka. Wewe umeanguka mara ngapi?”

“Hata mara moja,” Mzee alijibu, akinitazama. “Huyu hakuniachia.”

Basi mama yule akamfundisha nisichomfundisha: kuanguka kwa ubavu, kujikunja, kuinuka bila mkono wa mtu. Mimi nilisimama pembeni, mikono nyuma.

Baada ya misimu miwili kamati ilimwandika mkulima. Alivuna mara moja tu, kisha maradhi ya kifua yakamchukua. Misimu ile miwili nilimpotezea mimi.

Nimestaafu na barua inayousifu upole wangu, siisomi. Ninyi mnaoianza kazi hii, mfundisheni mtu kuanguka kabla hamjamfundisha kutembea. Aliyenifunza hilo hakuwa na cheo wala cheti. Aliitwa Mwanahawa binti Kibwana.