Fundi Aliyepima Jikoni Yangu Akiwa Nje

Mabati ya jikoni yangu ilianza kuvuja wakati mvua kubwa iko karibu, na maji ya manyunyu ilikuwa inaangukia mbegu. Mbegu ya maharagwe mimi naweka juu ya moto, kwa dari ya miti, moshi inafukuza wadudu. Ikiloa, hakuna kupanda. Hiyo ndio ilikuwa shida yangu. Si urembo.

Lakini kijana wangu anafanya ofisi huko Meru mjini, na mtu wa ofisi hawezi tu kuziba tundu. "Mami, lazima tuwe na ramani." Anasemea kwa pua, kama mtu ana homa.

Akaleta fundi wa kwanza, wa kujenga hosteli za wanafunzi Nchiru. Viatu imechongoka kama mdomo ya kuku. Akanionyesha picha kwa simu, ananiita Shosh kama mimi ni nyanya yake. "Shosh, hapa sinki, hapa taili, na hii moshi tunaimaliza kabisa!" Nikamuuliza, na mbegu? "Mbegu si utanunua dukani, Shosh?" Nikamwambia chai imeisha. Na sufuria inachemka hapo mbele yake.

Wa pili ni ndugu ya mume wa msichana wangu. Huyo kwangu ni mkwe, na mkwe haingii jikoni ya mama mkwe. Kila mtu hapa Kianjai anajua, isipokuwa kijana wangu na ramani yake. Mwanaume mzima akasimama nje kwa migomba, ameinama kama bibi harusi. "Mama... hiyo ukuta ya ndani... inaweza kuwa... hatua ngapi?" Mimi ndani natembea na hii magoti yangu, napiga kelele, "Saba!" Yeye anaandika. Eti huyo ndio kontrakta wa heshima. Heshima itazuia maji?

Wa tatu nilijitafutia sokoni, mzee wa Runyenjes anayejengea watu vyoo. Picha hana. Akaingia, akakohoa, akaangalia juu mpaka kofia ikaanguka. "Mama, hii mbegu tutaiweka wapi kwanza?"

Huyo nikampa chai.

"Mami, huyo hata gari hana!" kijana wangu akalia hapo mlangoni.

"Kwani gari ndio itapanda kwa paa? Shika hapo chini, tunateremsha maharagwe."

Akashika, na tai yake shingoni. Masizi ya miaka yote ikamwangukia, na kitambaa sikumpa.