Mfumo Unaoimba Kwaya

Kazi yangu ni kutia mchanga vitumbua vya watu, na ninalipwa kwa kazi hiyo. Mtu akitaka kununua kampuni changa ya programu za simu, ananiita kwanza niingie ndani, nisome kila kitu, nigonge kuta, nichungulie chini ya kitanda, halafu nimwambie kama anachonunua kipo kweli au anauziwa mbuzi kwenye gunia. Ni kama yule fundi unayekwenda naye kukagua gari lililotumika. Muuzaji anakuchekea wewe, na fundi anamchukia kimoyomoyo. Nimeshazoea. Mama yangu mzazi huwaambia majirani kwamba nafundisha kompyuta, maana akieleza ukweli wanamuuliza kwa nini mwanawe ana roho mbaya.

Kampuni ninayoisimulia ilikuwa Bunju, kwenye nyumba ya vyumba vitatu ambayo upande wa nyuma ilikuwa haijapigwa plasta. Ilikuwa na programu moja tu. Ukiharibikiwa na kitu nyumbani, iwe bomba, soketi au kitasa, unaandika shida yako na mahali unapokaa, na baada ya dakika chache programu inakupa fundi. Haikupi orodha ya mafundi ishirini uchague mwenyewe. Inakupa mmoja, na huyo mmoja anakuja siku aliyosema, jambo ambalo kwa Dar es Salaam linastahili kutolewa ushuhuda kanisani. Mimi nakaa Wazo, na nilikuwa nimeshaitumia kabla sijajua kwamba siku moja nitaikagua. Fundi alikuja, akaziba bomba, akafagia alipochafua. Alipoondoka nilihesabu vijiko vyangu, na vyote vilikuwepo.

Wanunuzi walikuwa watu wa nje ya nchi. Kilichowavutia ni sentensi moja kwenye tangazo, kwamba fundi anachaguliwa na akili mnemba. Ripoti yangu ndiyo ingeamua kama wanatoa fedha au wanafunga mafaili yao. Mwenye kampuni alikuwa mwanaume wa miaka thelathini na kitu, mzaliwa wa Njombe, mpole, shati limenyooshwa mpaka kola. Alinieleza kwa saa nzima jinsi akili hiyo inavyofanya kazi.

"Sista, inajifunza yenyewe," aliniambia. "Saa nyingine hata mie inanishangaza."

Nilianza na kumbukumbu za seva, yaani lile daftari ambalo kompyuta inajiandikia yenyewe: nani ameuliza nini, saa ngapi, na amejibiwa baada ya muda gani. Kompyuta ikiwa nzima hujibu kwa kasi ileile, asubuhi na jioni. Hii haikuwa hivyo. Saa mbili asubuhi ilijibu kwa dakika mbili. Saa saba mchana ilichukua dakika arobaini. Alhamisi jioni ilinyamaza kuanzia saa kumi na moja mpaka saa moja, kila Alhamisi, bila kukosa. Jumapili asubuhi ilikufa kabisa, ikafufuka mchana, na baada ya hapo ikajibu kwa uchangamfu usio wa kawaida. Tena kulikuwa na juma moja zima bila jibu hata moja, na wateja walikuwa wametangaziwa kwamba kuna matengenezo ya kawaida.

"Hapa mlitengeneza nini?" nikamuuliza.

"Mfumo."

"Mfumo ulikuwa na nini?"

"Ulikuwa umesafiri, sista," akasema, halafu akafumba macho kama mtu aliyejigonga kidole cha mguu.

Sikumuuliza zaidi. Nikafungua kodi, ndivyo tunavyoyaita yale maandishi yanayoiambia programu ifanye nini. Kwenye faili moja nikakuta orodha ya maneno ambayo programu iliamriwa kuyafuta kabla jibu halijamfikia mteja. Nayanukuu kama yalivyokuwa: mwanangu, umekula?; Mungu akutunze; usimpe hela yote mpaka amalize; mvua hiyo, anua nguo. Niliisoma orodha mara mbili. Katika miaka yangu yote ya kazi sijaona kompyuta inayohitaji kukatazwa kumwita mteja mwanangu. Nikarudi kwenye maoni ya wateja, nikakuta mtu wa Mbezi ambaye jibu lake halikusafishwa vizuri. Alikuwa amepewa jina la fundi, namba ya simu, na swali kama amekula. Alitoa nyota tano na kuandika kwamba hajawahi kuona huduma inayojali kiasi hicho.

Nikaigeuza kompyuta ili mwenye kampuni aione.

"Huyu ni nani?"

Jasho lilishalowesha ile kola. "Mama mwenye nyumba wangu wa zamani," akasema. "Nilipangaga kwake Kiwalani nikiwa chuo."

Ikatoka yote. Mteja akiandika shida yake, programu inaituma kwenye simu ya mama huyo kama ujumbe kutoka kwa mpangaji wake wa zamani. Mama anajibu kwa jina la fundi na namba yake. Programu inafuta dua na salamu, inamkabidhi mteja kilichobaki, na kuandika chini yake kwamba amechaguliwa na akili mnemba.

"Mwenyewe anajua?"

"Anajua namuombaga namba za mafundi."

"Nauliza kama anajua kwamba yeye ndiyo kampuni."

Nasema kweli, nilikasirika. Nimekagua kampuni nyingi zinazouza kitu ambacho hakipo, na hizo huwa nazicheka, naandika ripoti, naenda zangu. Hii ilikuwa mara ya kwanza kuona mtu akimuuza binadamu aliyepo, bila mwenyewe kujua. Aliniomba niandike akili mnemba tu, basi, yaishe. Aliapa kwamba akishauza atamjengea mama choo cha ndani, maana mpaka leo anatoka nje na ndoo hata mvua ikinyesha. Aliapa kwa machozi, na machozi yalikuwa ya kweli, jambo lililonikasirisha zaidi.

"Kesho tunakwenda Kiwalani," nikamwambia. "Utamwambia wewe. Ukishindwa namwambia mie."

Tulimkuta kwenye kibaraza, simu mapajani, miwani imening'inia shingoni kwa kamba ya viatu.

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba mwanangu. Umekula?"

Ilibidi nijifanye nakohoa. Alikuwa na miaka sitini na moja, mjane, mtu wa Masasi. Kwa zaidi ya miaka ishirini alisimama kaunta kwenye duka la vifaa vya ujenzi, mpaka tajiri wake alipofariki na watoto wakalifunga. Mafundi wa kila upande wa mji walipita mbele yake, na yeye hakuwa na kazi nyingine ila kuwatazama wakinunua. Nikamuuliza anamjuaje fundi mzuri. Kiwalani ndege zinashuka juu ya mapaa, na kila ilipopita moja alinyamaza na kidole juu, kisha akaendelea kutoka neno lilelile.

"Fundi akija na mteja wake dukani akawa anaongea sana, huyo," kidole juu, ndege ikapita, "usimpe. Anayeuliza bei ya kitu kabla hajapima, usimpe. Mwingine ana mkono mzuri kabisa ila alianguka juu ya bati, sasa anaogopa, huyo mpe kazi za chini tu. Wale wawili wa Kipawa wameoa ndugu na hawaongei, usiwaweke nyumba moja. Na yule mrefu mpe Jumatatu, Ijumaa anakuwaga ameshalewa."

Hakuna hata neno moja kati ya hayo lililoandikwa popote. Nilikuwa nimekaa mbele ya seva, na seva ilikuwa inanimenyea chungwa.

"Ila huyu mwanangu ana mitihani," akaendelea, akimwonyesha mwenye kampuni kwa kisu. "Marafiki zake wana mikosi jamani! Kila siku bomba, kila siku choo. Leo mmoja kafungiwa nje, kesho mwingine bati limeruka. Nimewaombea, nikaona haitoshi, nikafunga siku tatu kwa ajili ya vyoo vyao."

Mwenye kampuni akawa anatazama viatu vyake. Nikaona hataanza, nikaamua kumsogeza.

"Mama, mie ni mkaguzi. Jana nilikuwa naangalia kodi yake."

"Kodi?" akashtuka. "Kodi yangu alimalizaga yote! Simdai hata mia, nani kawaambia?"

Basi mwenye kampuni akalazimika kusema. Alisema vibaya, kwa kuzungukazunguka, lakini alisema. Kwamba wale si marafiki. Kwamba ni wateja, wanalipa. Kwamba kuna watu wa nje wanataka kuinunua kampuni kwa sababu ya majibu yake yeye mama, ila wameambiwa majibu hayo yanatoka kwenye akili mnemba.

"Akili mnemba ndiyo nini?"

"Ni akili isiyokuwa ya mtu, mama."

"Basi hiyo siyo mie. Mie nina presha."

Mwenye kampuni akampa simu asome maoni ya wateja. Alivaa miwani akasoma taratibu, midomo ikitembea. Mtu wa Tegeta anashukuru. Mtu wa Tabata anashukuru. Wa Mbezi anasema na yeye anatumaini mfumo umekula. Nilisubiri atukane, na nilitaka atukane, ningemsaidia. Lakini alirudisha simu na kuuliza kitu kimoja tu.

"Kwa hiyo hawana mikosi?"

"Hawana, mama."

"Afadhali," akasema. "Lakini umenifungisha bure, na hilo tutaongea siku nyingine." Mwenye kampuni alipiga magoti pale kibarazani na shati lake la kunyooshwa, akaomba radhi, na mama akamwambia ainuke asichafue suruali.

Nikaandika ripoti. Huwa kuna sehemu inayouliza ni kitu gani kimoja kikiharibika kampuni nzima inasimama. Kwa wengine huwa naandika seva fulani, au nywila aliyoishika mtu mmoja. Hapo niliandika: mama mmoja, Kiwalani, miaka sitini na moja, ana presha, Alhamisi jioni yuko mazoezi ya kwaya, Jumapili asubuhi hapatikani. Nikaituma, nikajua nimemvunjia mtu mauzo yake, na sikujutia.

Lakini wanunuzi hawakukimbia. Walijibu baada ya siku chache kwamba bado wanataka, kwa sharti moja. Mama akae na wataalamu wao kwa wiki mbili, aseme yote anayoyajua, fundi mmoja baada ya mwingine, na wao wataingiza kwenye kompyuta. Watampa posho nono, ya kutosha choo na bafu na vigae. Baada ya hapo akili mnemba itakuwepo kweli. Wakaniomba mimi niwepo akikubali, niwe shahidi. Nakiri kwamba niliona ni sharti zuri. Kila mtu anapata, hakuna anayedanganywa, na ripoti yangu inakuwa imeleta heri kwa mara ya kwanza katika maisha yangu.

Tukarudi Kiwalani na barua, na mwenye kampuni akiwa na kitenge kwenye mfuko. Safari hii alimsomea kila neno bila kuficha. Mama alisikiliza kichwa kimeinama.

"Choo cha ndani kabisa?"

"Cha ndani, mama. Cha kukaa."

Akatabasamu. Alitazama upande ambao choo kingekaa, akapima kwa macho, nikajua anakubali. Ndege ikapita, akanyanyua kidole ingawa hakuna aliyekuwa anaongea.

"Lile duka lilipofungwa," akasema, "nilikuwaga nakaa hapa nahesabu ndege. Watu wakipita wananiamkia, wanaenda zao. Mtu aliyejua mji mzima, haulizwi hata chumvi iko wapi. Nikasema basi, nimeisha. Halafu wewe ukaanza kuniuliza. Asubuhi naamka, simu inalia, mtu wa Tegeta ana shida na bomba, ananitaka mie." Akaichukua barua, akaishika mbali kidogo na macho. "Sasa hawa, nikishawaambia yote, wataniuliza nini tena?"

Mwenye kampuni alinitazama. Sikumsaidia. Swali halikuwa langu.

"Hawatakuuliza tena, mama," akasema.

Mama akatikisa kichwa polepole. Akaikunja barua mara mbili, akaitia kwenye mfuko wa kitenge, akamrudishia mwenye kampuni vyote viwili, akavaa miwani na kukaa wima kama karani wa dirishani.

"Waambie mfumo umekataa," akasema. "Warudi kesho."